Mashavu na Ulongo wa Mtopetope

Ukishuka basi pale Bungu utakutana na korosho kwanza, halafu machungwa, halafu mihogo ya kukaanga. Mwisho kabisa, karibu na fundi wa pancha, ipo meza moja isiyonukia kitu. Wanaume huipita kama haipo. Lakini mwanamke mwenye mimba changa, hata akiwa ndani ya basi linalokwenda Lindi, akiiona tu humwomba konda asimamishe gari kidogo.

Meza hiyo ni ya Mashavu, na Mashavu anauza udongo. Usikunje uso, msikilizaji wangu, si udongo wa kukandika nyumba. Ni wa kula, wa kijivu kinachoelekea buluu, uliokandwa, ukakatwa vipande kama vidole, ukaanikwa, kisha ukafukizwa moshi juu ya makaa. Ukiuweka mdomoni unayeyuka taratibu na kukuachia ladha ya mvua ya kwanza. Wenye kuupenda huuota usingizini.

Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, Bi Mwanaidi, Mzaramo wa upande wa Kisiju, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusema udongo. Yeye alisema ulongo, kama walivyosema kwao. Sasa hebu fikiria mtu anapita sokoni anaita, "Ulongo! Ulongo mzuri huo!" na huku mitaani ulongo ni uongo. Vijana walikuwa wakimchokoza, "Bi Mwanaidi, leo umetuletea ulongo gani?" Naye huwajibu, "Ule ule waliokula mama zenu mkazaliwa nyinyi." Mzee yule alipokufa jina likahamia kwa binti yake. Mpaka leo, ukiuliza Mashavu ni yupi, watu hufikiri kidogo, kisha wanasema, "Aa, Mama Ulongo!"

Udongo wenyewe unatoka kilima cha Mtopetope, nyuma ya mashamba ya mikorosho. Juu, kilima kile ni mchanga wa manjano usioshika hata mhogo. Ule wa kijivu umelala chini yake, na ili kuufikia unaingia kwa ubavuni. Chimbo aliloanzisha Bi Mwanaidi limekwenda ndani mwaka hadi mwaka, mpaka mchimbaji anatembea kwa magoti, tochi kichwani.

Bi Mwanaidi aliacha sharti moja. Haingii mtu peke yake. Mmoja anachimba, mwenzake anakaa mdomoni mwa chimbo, na kazi yake ni kuuliza, "Upo?" Wa ndani anajibu, "Nipo." Hata mkiwa mmenuniana, hilo linaulizwa na hilo linajibiwa, siku nzima, mpaka linakuwa kama pumzi.

Tangu goti la Mashavu lilipoharibika, anayeingia ndani ni Semeni, mke wa kaka yake Tahiri. Tahiri ni dereva wa Fuso, na nyumbani huonekana kama mwezi mwandamo. Kwa hiyo mawifi hawa wawili wamezoeana kwa matusi ya mapenzi, kiasi kwamba wasipotukanana asubuhi, majirani huuliza nani anaumwa.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Semeni hakulijua. Udongo wa Mashavu una chumvichumvi fulani ambayo wauzaji wengine hawana, na mwenzake aitwaye Binti, anayeuza udongo wa kutoka Mahege kwenye meza ya jirani, ameitafuta siri hiyo kwa miaka bila kuipata. Siri ni tope la mikokoni. Mashavu aliigundua akiwa na mimba yake ya kwanza, alipokwenda kuhani msiba Nyamisati. Aliteleza kwenye tope wakati wa kupanda boti, akalamba kidole kilichochafuka, akasimama pale pale kama aliyeitwa jina. Tangu hapo huagiza ndoo ya tope kutoka huko, akisema ni la kupaka majiko, na jioni akiwa peke yake hulikanda kidogo tu ndani ya udongo wake.

Sasa njoo kwa Abdulrazaq.

Kijana huyu alitoka chuo kikuu, akapanga chumba katika gesti ya Bungu, akawa anazunguka vilima vya Kibiti na nyundo ndogo na mifuko ya nailoni. Watu walisema anatafuta gesi. Wengine wakasema ni rubi. Siku moja akasimama mbele ya meza ya Mashavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mkeo ana miezi mingapi?"

"Sina mke, mama."

"Basi umekosea meza."

Akacheka. Akaeleza kwamba anautaka ule udongo ili autazame.

"Wenzio wanautafuna, wewe unataka kuutazama?"

"Ndani yake kuna visimbi, mama. Vidogo kuliko chembe ya chumvi. Sisi tunaviita foraminifera. Zamani za mbali hapa palikuwa bahari, na vijidudu vyake vilikuwa na nyumba zao, kama konokono. Vilipokufa, nyumba zikazama, tope likazifunika, na tope ndilo hilo likawa mwamba. Mimi nikivipata najua mwamba ni wa zama gani."

"Vinakwambia?"

Abdulrazaq akaangalia huku na huko, akaionyesha kanga aliyojifunga Mashavu. "Mtu akikuletea kanga kuukuu, si unajua ni ya mwaka gani?"

"Kwa maneno yake na kwa mji wake. Hii niliyovaa ilitoka mwaka alioolewa Semeni. Haikuchapwa tena."

"Basi visimbi ni kanga za bahari. Kila zama ilivaa vyake, na vikishatoka havirudi."

Binti hakuweza kujizuia. "Kumbe wanawake wa Bungu tunatafuna makaburi!"

Wakacheka wote, ila mteja mmoja mwenye tumbo, aliyekuwa na kipande mdomoni, aliacha kutafuna. Mashavu akawahi kumtuliza na kumrudishia chenji, huku akimwambia kijana bila kumtazama, "Chagua mwenyewe, baba." Abdulrazaq akachukua vipande mezani, akainama, akachukua na bonge moja ndani ya kapu la chini ya meza, akaaga.

Alirudi baada ya siku chache. Safari hii hakuleta utani. Alivuta kigoda akakaa upande wa Mashavu, kama mtu aliyeleta habari za hospitali.

"Mama, udongo huu unauchanganya na kitu?"

Masikio ya Binti yakasimama. Mashavu akachukua kitambaa akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Nichanganye nini mimi? Ulongo ni ulongo tu."

Kijana akatikisa kichwa polepole. "Afadhali ungeniambia unachanganya."

Akamweleza. Udongo wa kijivu ni wa kale sana, una zaidi ya miaka milioni ishirini, na visimbi vyake viliisha baharini kote kabla mchanga wa manjano haujaletwa na maji mengine ya baadaye. Mchanga ule nao una visimbi vyake, vya zama za karibu. "Vya juu haviwezi kuwa ndani ya udongo wa chini, mama, kama vile mjukuu hawezi kuwa kwenye harusi ya bibi yake. Nami nimevikuta pamoja. Kama hakuna mtu aliyevichanganya, basi kilima kimepasuka, na cha juu kinamwagika ndani kidogo kidogo, kama unga kwenye gunia lililotoboka. Nani anaingia humo?"

"Wifi yangu."

"Asiingie. Nakuomba. Hasa sasa hivi, mvua zinakaribia."

Mashavu akasema, "Nimekusikia, baba." Lakini moyoni alikuwa akijizuia asicheke. Maskini kijana wa watu, amesoma mpaka amekwisha, na tope la Nyamisati limemlaghai kama lilivyowalaghai wajawazito wa Bungu! Angeweza kumwambia ukweli, tena kwa neno moja, ila Binti alikuwa pale na masikio yake.

Jioni, wakati wa kuwasha makaa, kicheko kikamshinda. Akamweleza Semeni yote, kilima na visimbi na gunia lililotoboka, na mwisho akamtolea na siri yenyewe.

Semeni akaweka mikono kiunoni. "Wifi! Miaka yote hii natoboa mlima kwa kiuno changu, kumbe utamu ni wa tope la kaa?"

"Shh! Binti atasikia."

"Ulongo wenye ulongo ndani!" Semeni akajipiga mapaja kwa kucheka. "Na msomi wa watu anatetemeka! 'Asiingie, nakuomba.' Kanionea huruma, masikini. Hajaniona nilivyo."

Walicheka mpaka machozi yakawatoka, na mbwa wa jirani akaanza kubweka. Kuanzia jioni hiyo lile onyo likawa ni mchezo wao. Mashavu akikaa mdomoni mwa chimbo huita, "Upo, au kilima kimepasuka?" na ndani Semeni hujibu, "Nipo, nakula chakula cha harusi na bibi yangu!"

Ila kicheko kina namna yake ya kuchakaa. Siku moja Mashavu alitambua kwamba wale ndege wa kijani, waliotoboa viota vyao ubavuni mwa Mtopetope tangu enzi za Bi Mwanaidi, hawapo. Matundu yalibaki wazi, hata unyoya hakuna. Siku nyingine Semeni alitoka akiwa na manjano kwenye nyusi na kwenye mapindo ya kilemba.

"Nywele zako zina nini?"

"Vumbi. Ulitaka nichimbe kwa shela?"

Sauti yake nayo ilikuwa imebadilika. Zamani, Semeni akijibu kutoka ndani, jibu lilikuja zito, limefungwa, kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Siku hizi lilikuja na mwangwi mwembamba nyuma yake, kana kwamba ndani kuna chumba kingine na mtu mwingine anajibu kwa kuchelewa. Mashavu alilisikia hilo. Akajiambia ni masikio yake yanazeeka.

Ikaja oda ya mfanyabiashara wa Mbagala aliyetaka viroba kabla mvua hazijaharibu njia. Siku hiyo ilikuwa ya gulio, meza haikuachika. Semeni akachukua sururu na kapu.

"Ngoja nipate wa kukaa mezani twende wote," Mashavu alisema.

"Mteja atatungoja? Kaa uuze. Mimi nitajiuliza mwenyewe na kujijibu."

Tangu chimbo lianze, hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu aliingia bila wa kumwuliza. Mashavu alimtazama mpaka kilemba kikapotea kwenye mikorosho. Juu ya Mtopetope wingu lilikuwa limekaa, dogo, jeusi upande wa chini.

Abdulrazaq alifika adhuhuri na pikipiki yake. Alibeba hadubini kwenye kijisanduku cha mbao, akaiweka mezani baina ya mizani na vipande vya udongo, akaielekeza kwenye mwanga.

"Mama, naona hukuniamini. Sikulaumu. Tazama mwenyewe."

Mashavu akaweka jicho. Kwanza aliona kope zake tu. Kisha vikaja: vyeupe, vimejikunja kama ushanga uliosokotwa, kila kimoja na vyumba vyake, vizuri kiasi kwamba alisahau kupumua.

"Hivyo ndivyo vya kale, vya udongo wa kijivu." Akabadilisha kigae cha kioo. "Hivi ni vya mchanga wa manjano, nimevitoa juu kabisa ya Mtopetope." Vilikuwa bapa, mviringo, kama vijisarafu vya maziwa. Akabadilisha tena. "Na hivi ni vya leo. Bado viko hai. Nilikwenda Nyamisati nikachota tope la mikokoni."

Mashavu akashtuka kusikia jina hilo, lakini akatazama. Vilikuwa vya kahawia, vibaya, kila kimoja kimejiviringishia chembe za mchanga mwili mzima, mfano wa kiota cha nyigu ukutani. Havikufanana na vijisarafu hata kidogo.

"Hivi vya mikokoni hujenga kwa takataka vinazookota," Abdulrazaq alisema. Kisha akashusha sauti ili Binti asisikie, na sauti yake ilikuwa ya heshima. "Vipande nilivyochukua mezani kwako vina namna zote tatu, mama. Hilo nimeliona, na ni la kwako, sitalisema. Lakini tazama hiki."

Akaweka kigae cha mwisho. Vya kale vilikuwepo, vimejaa. Katikati yao, hapa na pale, vijisarafu. Mashavu alitafuta vya kahawia. Akatafuta tena.

"Hivi ni vya udongo gani?"

"Lile bonge la kwenye kapu. Bichi, lenye alama ya sururu."

Mashavu akanyanyua kichwa. Bonge bichi. Bonge la asubuhi ile, lililotoka mgongoni kwa Semeni likaingia chini ya meza, ambalo mkono wake ulikuwa haujaligusa. Tope la Nyamisati halikuwahi kulifikia. Hakuna aliyelichanganya. Kilima kilijichanganya chenyewe.

"Semeni yuko ndani," alisema. Halafu akasema tena kwa sauti, kama anawaambia watu wote wa gulio, "Semeni yuko ndani peke yake!"

"Si ulisema huchanganyi kitu? Mbona ulimwacha aingie?" Binti aliuliza kutoka upande wa pili.

"Naweka tope, Binti! Tope la mikokoni! Umeridhika? Niangalizie meza!"

Abdulrazaq alikuwa ameshawasha pikipiki. Walipita kwenye mikorosho kwa namna ambayo Mashavu hakufumbua macho, na alipoyafumbua, matone ya kwanza yalikuwa yakimpiga usoni.

Mdomoni mwa chimbo palikuwa na viatu vya Semeni, vimepangwa vizuri.

"Upo?"

Ukaja ule mwangwi mwembamba, na mbele yake sauti. "Nipo! Umekuja kufanya nini, meza umemwachia nani?"

"Toka!"

"Kapu halijajaa."

"Semeni, toka. Kimepasuka kweli."

Kicheko kikatoka ndani. "Umeanza kuamini ulongo wako mwenyewe, wifi? Si ulisema ni tope la kaa?"

"Bonge lenyewe lilikuwa lako! Bichi! Sikuligusa!"

"Nenda kauze. Nikitoka nitakuchekea vizuri."

Hapo ndipo Mashavu alipoona alichokifanya. Alikuwa amempa Semeni kicheko, na kwa kicheko hicho Semeni asingesikia neno lolote tena. Abdulrazaq alimshika mkono, Mashavu akauchomoa. Akajifunga kanga, akapiga magoti, lile goti bovu likalia, akaingia.

Ndani palikuwa na joto la mdomo wa mtu. Mwanga wa tochi ya Semeni ulikuwa mbali, ukicheza. Mashavu alitambaa huku kiganja kikipapasa ukuta: laini, laini, sabuni tupu. Kisha kiganja kikakutana na kitu kikavu. Akaacha kutambaa. Palikuwa na mstari, mwembamba kama uzi wa kushonea, ukishuka kutoka darini mpaka sakafuni, na ulikuwa ukitembea. Mchanga ulikuwa ukishuka bila sauti. Akachovya kidole, akalamba, kama alivyofanya Nyamisati akiwa na ile mimba ya kwanza. Haukuyeyuka. Ulikwaruza meno.

"Semeni," aliita, polepole sasa, kama anayeamsha mtoto. "Huu mchanga umeanza lini?"

Semeni akamgeuzia tochi.

"Wiki nzima. Nilikuwa naupangusa kwa kilemba. Ungeona mchanga ungesema udongo umechafuka, tungeikosa oda."

Wakatazamana pale chini, kila mmoja na lake alilokuwa amelificha. Hakuna aliyecheka. Semeni akaacha kapu. Akaanza kutoka kwa magoti, Mashavu mbele yake, na kila hatua Mashavu aliuliza, "Upo?" ingawa pumzi za mwenzake zilikuwa zikimpiga visigino.

Walitoka. Mvua ikanyesha kidogo, ikaacha. Kilima kikabaki vile vile.

Na hilo ndilo lililokuwa gumu. Kingeanguka siku ile watu wangesema Mashavu ameona mbali. Kilikaa. Kesho yake kilikuwepo, keshokutwa kilikuwepo, kimetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Bungu nzima ilijua habari ya tope, Binti akaifikisha mpaka Kibiti, na wajawazito wakaanza kuipita meza ya Mama Ulongo wakiangalia pembeni. Mtu wa Mbagala alipiga simu. Semeni, ambaye hofu ilikuwa imeshamtoka, akaanza kuulizia kapu lake na sururu yake.

"Jana mvua imepiga na hakuna kilichotokea. Kijana wako alitaka kutuuzia woga tu."

"Usiingie, wifi."

"Nile nini basi, visimbi?"

Basi Mashavu akafanya kitu ambacho watu wa Bungu walikicheka kuliko hata tope. Alichukua mkeka, akaenda Mtopetope, akakaa ndani ya mdomo wa chimbo na kuegemeza mgongo kwenye giza lake, ili atakayetaka kuingia ampite yeye kwanza. Alikwenda kila siku. Waliopita kuokota korosho walimwuliza kama anaotamia kilima, na vifaranga ni lini. Yeye alikuwa akisikiliza. Nyuma ya mgongo wake, mbali huko ndani, kulikuwa na sauti kama ya mtu anayechambua mchele, na kila siku mchele ule ulikuwa ukisogea karibu.

Abdulrazaq alimwambia akae mbali na pale. "Ukizibwa humo, mama, utakuwa umemsaidia nani?" Mashavu akamwambia, "Niking'oka mimi ataingia yeye." Kijana akaenda kuwaona viongozi wa kijiji. Serikali ya kijiji ilimwahidi kibao cha onyo, na kibao kilikuwa bado hakijaandikwa.

Alasiri moja manyunyu yalianza, yale ya kimya yasiyolowesha haraka. Semeni alikuja na sururu begani na uso uliokunjwa.

"Ondoka."

"Siondoki."

"Wifi, umeshatutia aibu mpaka watoto wanatuimba. Tahiri kapiga simu anauliza kama una wazimu. Ondoka nikachukue kapu langu tu, natoka."

"Kapu ni la ukindu. Nitakusukia jingine."

"Nasema ondoka!"

Semeni akatupa sururu chini, akamshika Mashavu kwapani kwa mikono miwili, akamvuta. Alimvuta kwa hasira ya siku nyingi, wakaburuzana pamoja na mkeka, Mashavu akimpiga mgongoni na kumtukana kwa majina ya ukoo wao wote, mpaka wakaanguka wote wawili chini kwenye nyasi, na hapo nyasi zenyewe zikatikisika.

Hakukuwa na kishindo. Kulikuwa na sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi baada ya kubeba mzigo kwa muda mrefu. Wakageuka. Mdomo wa chimbo haukuwepo. Mahali pake palikuwa na mchanga wa manjano unaoendelea kumiminika, na juu yake mtopetope mmoja ulioshuka ukiwa umesimama, majani yake bado yanachezacheza, kama vile ulioteshwa pale. Viatu vya Mashavu vilikuwa chini yake.

Semeni alikuwa bado amemshika. Vidole vyake vilikuwa vimeingia kwenye nyama ya mkono wa wifi yake na hakujua. Mashavu, bila kufikiri, kwa mazoea tu ya maisha yake yote, aliutazama ule mchanga akaita:

"Upo?"

Wakasubiri. Kisha Semeni, pembeni yake, akajibu kwa sauti isiyokuwa na mzaha, "Nipo, wifi. Niko hapa," akaanza kulia.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi wanapoisimulia habari hii huishia hapo. Lakini Mashavu hakulala usiku huo, na asubuhi alikwenda kwenye meza ya Binti. Hawakuwa wamesemeshana tangu siku ya tope.

"Udongo wako unatoka Mahege, sivyo?"

"Unajua. Wanachimba wanawake wa kule, kikundi kizima. Wanaingia kwa zamu, wengine na watoto mgongoni."

"Ni kijivu kama wangu. Juu yake kuna nini?"

Binti alifikiri. Uso wake ukabadilika. "Mchanga," alisema. "Wa manjano."

Akainama mwenyewe, akachagua kwenye kapu bonge bichi ambalo halijaguswa, akaliviringisha kwenye kipande cha gazeti, akampa.

Abdulrazaq alikuwa anafunga mizigo, basi lake lilikuwa la asubuhi hiyo. Alipoona kile alichobeba Mashavu aliufungua mkoba tena. Pale barazani kwa gesti akalivunja bonge kwenye beseni, akalilowesha, akalichuja kwenye chekecheke laini mpaka maji yakawa meupe, akakausha masalia juu ya jiko la mhudumu. Basi lilipita, likapiga honi, likaenda. Hakuna aliyeligeukia. Semeni alikuwa amesimama mlangoni, mikono imekunjwa kifuani. Alikuwa ameshawapigia simu wanawake wa Mahege. Walimwambia wako njiani kwenda chimboni, wakamcheka.

Kijana akamwaga zile chembe kwenye kigae, akaweka jicho kwenye hadubini. Akazungusha kidogo kifundo cha pembeni. Akaacha kuzungusha.

Mashavu akamngoja. Barabarani muuza machungwa alikuwa akiita wateja. Kijana hakunyanyua kichwa.

"Upo, baba?" Mashavu aliuliza.

Akamsogezea hadubini: katikati ya vya kale, hapa na pale, vijisarafu.

Semeni alikuwa ameshaanza kukimbilia barabarani, akipunga mikono yote miwili kuisimamisha bodaboda ya kwanza.